Mama anaweza kuwa "taut"?

MamaWatatu_Mwanga:
Habari za jioni, ndugu zangu. Binti yangu yuko kidato cha pili hapa Kigoma. Jana kaleta insha ya Kiingereza, mwalimu kaizungushia wino mwekundu sentensi moja: "My mother was taut." Alikuwa ananieleza mimi, usiku ule tunamsubiri baba yake kutoka ziwani na upepo umechafuka. Kamusi inasema taut ni iliyokazwa, iliyovutika. Nami usiku ule nilikuwa nimekaza kweli, hata chai haikupita kooni. Kosa liko wapi? Mtoto amenyong'onyea.

Isevya_Tabora:
Pole dada. Mtu mwenye wasiwasi ni "tense". Angeandika hilo tu, yangeisha.

Mzee_Kibirizi:
Mama, mwalimu yuko sahihi, ila mtoto hakuwa mbali, usimwache akavunjika moyo. Mimi nimefunga mitumbwi tangu ujana. Mtumbwi ukiwa umefungwa kwenye nguzo, wimbi likiuvuta kwenda nje, kamba inanyooka kabisa. Ukiipiga kwa kidole inalia. Hapo kamba ni taut. Wimbi likiurudisha, kamba inalegea na kuning'inia majini: slack. Lile fundo la kwenye nguzo ni neno jingine, tight, kwa sababu limebana, halijavutwa.

Kwa hiyo taut hutaka kitu kinachovutika. Kwa Kiswahili mimi ningelisogeza karibu na kuwamba, kama ngozi ya ngoma, maana kukaza tunakaza hata kifuniko cha chupa.

Mtu mzima mzima havutwi, ndiyo maana sentensi imekataa. Lakini uso wake, misuli yake, sauti yake, vyote hivyo huitwa taut. Angeandika "My mother's face was taut," asingeguswa. Mwambie pia kwamba hutamkwa sawasawa na "taught", ile ya kufundishwa. Sikio halitamsaidia hapo; ashike herufi.

Isevya_Tabora:
Hiyo ya fundo na kamba sikuwahi kuitofautisha. Shikamoo mzee.

MamaWatatu_Mwanga:
Shikamoo mzee wangu, na asante sana. Nimemsomea yote, na baba yake akiwa pembeni anasikiliza, alhamdulillah alirudi salama. Binti kasema hataandika uso, ataandika sauti. Usiku ule umeme ulikuwa umekatika, hakuniona. Alinisikia tu nikiuliza kila anayepita.