Naomba ushauri: chesisi ya Corvette inacheza penye stelingi boksi

Wakuu, habari zenu. Nina Corvette ya 1972, niko nayo Houston. Mtu akikata usukani gari limesimama, nikichungulia chini naona boksi zima la stelingi (lenye gia za usukani) linasogea pamoja na ukuta wa chesisi kabla tairi halijageuka. Boliti zote tatu zimekaza, hazina shida.

Ilizidi nilipofunga boksi la pawa stelingi lenye haidroliki ndani. Pawa ya asili ilikuwa na silinda pembeni inayosukuma rodi ya kugeuza tairi, boksi halikubeba mzigo wote.

Fundi anataka kuchomelea bati la milimita 5 kwa nje, basi. Mimi naona bila bushi za chuma (vipande vya bomba) kupita ndani ya chesisi kwenye kila boliti, patabonyea tu. Aliyewahi kufanya, alianzia wapi? Na joto la kuchomelea halikupinda chesisi?