Shorobo wa Jozani na yule wa Usambara ni mmoja?

Mpekuzi_Chwaka
Assalamu alaykum. Kuna picha mbili zimenichanganya, moja ya Jozani, nyengine ya Usambara Magharibi. Zote shorobo wa kijani, na akiruka mbawa zinawaka wekundu. Ni ndege mmoja, au wa mlimani ni mwengine? Na hapa Unguja atafutwe vipi? Sauti inasikika, mwenyewe haonekani.

Kishungi
Waalaykum salaam. Ni wawili mbalimbali. Kosa ni kuanzia kwenye bawa: wekundu ule wanao shorobo wa kijani wote, hautofautishi kitu. Anza na mdomo. Wa Unguja, shorobo wa Fischer, mdomo wake mwekundu na kishungi kina wekundu unaoteremka hadi kisogoni. Wa Usambara Magharibi ni wa Hartlaub: mdomo umefifia, kishungi buluu iliyokolea hata ukadhani cheusi, na mbele ya jicho ana doa jeupe. Huyo ni wa misitu ya milimani, Meru, Kilimanjaro, Pare, visiwani hayupo.

Tahadhari: jua likiwa nyuma ya ndege, hata kishungi chekundu huonekana cheusi. Zunguka mti kwanza, ndipo uamue.

Chini_ya_Mlandege
Usiifukuzie sauti. Shorobo hukimbia juu ya matawi kuliko anavyoruka. Kidole cha nje cha mguu hugeuka mbele na nyuma, akashika tawi atakavyo. Ukifika, keshahamia upande wa pili. Tafuta mlandege wenye matunda mabivu, utaujua kwa yaliyotapakaa chini. Simama hatua 20 hivi, asubuhi mapema, utulie nusu saa. Darubini ya 8×42, yaani ya kukuza mara 8 yenye lenzi ya mbele ya milimita 42, yatosha. Ya kukuza mara 10 hutetemeka mkononi.

Mpekuzi_Chwaka
Ahsanteni. Unyoya mwekundu ukiokotwa, huoshwa?

Kishungi
Kwa maji matupu. Rangi ile ni turasini, ina shaba ndani yake. Mkemia Church aliieleza mwaka 1869. Sabuni au magadi huiyeyusha, maji yakawa mekundu na unyoya ukapauka. Kijani nacho ni rangi hasa, si mchezo wa mwanga kama kwa ndege wengi.

Ngezi_Kwetu
Na ninga wetu wa Pemba musimtie humo. Kijani ndiyo, matunda anakula, na duniani yupo Pemba tu. Lakini yule ni njiwa: kichwa kijivu, kishungi hana.