Mjadala: Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, mgeni asiye Mwislamu aishie mlangoni au afike mihrabuni?

Mtoa mada
Assalamu alaykum, na habari zenu nyote. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, kwenye mihrabu (kile kidaka cha ukutani kinachoonyesha kibla), yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Kwa nje hauonyeshi umri wake, maana ni jengo dogo lenye paa la bati. Na bado unaswaliwa. Wageni wanaokwenda Kizimkazi kutazama pomboo hupitishwa hapo. Wapo wasemao asiye Mwislamu achungulie mlangoni basi. Wapo wasemao aingie aone. Mimi nasema aingie, kwa saa zilizopangwa, nje ya saa za sala, na asivuke safu ya mbele. Leteni hoja, na mseme jambo la kutendeka.

Mwalimu wa fikihi
Waalaykum salaam. Tuanze na hukumu, maana wengi huiruka. Pwani yetu kwa wingi hufuata madhehebu ya Shafii, na Mashafii wanamruhusu asiye Mwislamu kuingia msikiti wowote isipokuwa Msikiti wa Haram wa Makka, ilimradi Mwislamu amempa idhini. Wamaliki, wafuasi wa madhehebu ya Maliki, ndio wanaozuia ila kwa haja. Thumama bin Uthal, mkuu wa watu wa Yamama, alifungwa kwenye nguzo ya msikiti wa Mtume, Madina, kabla hajasilimu, na ujumbe wa kabila la Thaqif, nao hawajasilimu bado, ulipokewa msikitini. Kwa hiyo asemaye ni haramu moja kwa moja hajaegemea madhehebu ya hapa.

Ila neno zito ni hilo la *idhini*. Dereva hana idhini ya kutoa, wala aliyeuza safari hotelini. Anayetoa ni imamu au msimamizi, na huombwa kabla mtu hajavua viatu. Mgeni akishaingia ndani, huko si kuomba tena, ni kumtia mwenyeji haya asiweze kukataa.

Mwenye kupinga
Maalim, hukumu sina ugomvi nayo. Nagombana na wingi na hali ya wanaoingia. Watu ishirini ndani ya msikiti mdogo kama ule wanajaza safu. Halafu mnasema "nje ya saa za sala" kama kwamba msikiti huwa mtupu baina ya adhuhuri na alasiri. Kuna anayesoma Kurani, kuna aliyenuia itikafu, yaani kukaa msikitini kwa ibada, kuna mzee anapumzika akisubiri sala. Huyu ana haki kuliko kamera.

Na wengi wanatoka baharini moja kwa moja. Nguo za kuogelea zimelowa, juu yake kanga ya kuazima imefungwa kiunoni. Mwili umesitiriwa, sawa, lakini maji yanachuruzika juu ya mkeka wa watu wanaosujudu hapo.

Fundi wa chokaa
Hilo la maji ndilo kubwa kuliko mnavyodhani. Mihrabu za kale za pwani zimechongwa kwa jiwe la matumbawe. Huchongwa likiwa bichi, limetoka baharini, kwa kuwa hapo ni laini, likikauka hukaza. Lakini lina vitundu tele, linafyonza. Maji ya chumvi yakiingia, maji hukauka na chumvi hubaki ndani. Ikiganda husukuma uso wa jiwe, nao huanza kutoka ungaunga. Herufi ya Kikufi ikishapukutika hairudi. Wala msikimbilie kuziba kwa saruji: saruji hufungia unyevu ndani na kuzidisha madhara. Chokaa ndiyo inayoliacha jiwe lipumue.

Mengine yanayoharibu ni viganja, kwa jasho na mafuta yake, na mabegi ya mgongoni mtu anapogeuka ghafla. Mwako wa kamera hauli jiwe. Ubaya wake ni kumghasi anayeswali. Tusichanganye sababu, kwa sababu mgeni akiambiwa uongo mmoja huacha kuamini na yaliyo kweli.

Mwongoza wageni
Dawa ya hilo ni kugeuza ratiba: kavu kwanza, bahari baadaye. Kama boti haiwezi kusubiri, basi mgeni aoge maji baridi yasiyo na chumvi, abadili nguo zote, ndipo aende. Saa nzuri ni tatu hadi tano asubuhi. Ijumaa asubuhi msipeleke mtu kabisa.

Watu wasizidi watano kwa zamu, wengine wangoje nje, bila kukalia makaburi yaliyo uani. Mwanamke avae doti nzima, moja kiunoni na moja kichwani hadi mikononi. Kitambaa chepesi kinachoonyesha hakisitiri. Mwanamume avae suruali ndefu, au kikoi kishuke chini ya magoti. Viatu vivuliwe kabla ya kizingiti. Ndani, umbali wa hatua mbili kutoka mihrabuni unatosha kuona maandishi. Dakika kumi, mtoke. Na yeyote akianza kuswali, kundi zima lirudi nyuma kimya, asipite mtu mbele yake.

Mwenye kupinga
Hayo nayakubali zaidi kuliko kauli ya "tuheshimiane". Limebaki la fedha. Hagia Sophia, msikiti mashuhuri wa kale wa Istanbul, tangu Januari 2024 inawatoza watalii wa kigeni euro 25, nao hupandishwa ghorofani, mbali na wanaoswali. Dimbani haina ghorofa. Ukiuza tiketi, mnunuzi atadai alicholipia, na msimamizi hatathubutu tena kusema "leo hapana".

Mtoa mada
Hapo umenibadilisha. Nilikuwa na wazo la tiketi, naliacha. Libaki sanduku la sadaka mlangoni, hesabu yake isomwe mbele ya jamaa wa msikiti, na matumizi ya kwanza yawe chokaa na mikeka. Kiasi kisitajwe na mwongozaji.

Mwalimu wa fikihi
Na atoe anapotoka, si anapoingia. Akizuiwa mlangoni, asiwe tayari ameshalipa.