Mchezo wa kasri kwenye Scratch: vigae mara vinapangika, mara vinagoma kabisa. Kosa liko wapi?

FunguoTatu (Mbale)

Wadau, habari zenu. Naomba macho ya ziada kabla klabu ya kompyuta haijaanza tena wiki ijayo.

Mchezo umetengenezwa kwa Scratch 3, ile programu ya watoto ya kuunda michezo kwa kupanga bloku za msimbo, wachezaji ni watoto wa P3 hadi P5, yaani darasa la tatu hadi la tano. Binti mfalme amefungiwa juu ya mnara, zimwi limelala kwenye ngazi, na mtoto anapita vyumba vinne vya kasri. Kila chumba kina fumbo, kila fumbo linatoa ufunguo. Chumba cha kwanza kina vigae vya picha, 3 kwa 3, nafasi moja ikiwa wazi. Cha pili kina taa tisa: ukigusa moja, yenyewe na majirani zake wa juu, chini, kulia na kushoto wanawaka au kuzimika. Cha tatu kina sahani za mfalme kwenye nguzo tatu, kubwa hairuhusiwi kukaa juu ya ndogo. Cha nne bawabu anatega kitendawili na mtoto anaandika jibu.

Shida zenyewe:

Vigae navichanganya kwa kuchota namba 1 hadi 8 kwa bahati na kuzijaza kwenye orodha. Watoto wengine wanamaliza, wengine wanafika mwisho vigae viwili tu vimebadilishana nafasi na hawatoki hapo. Orodha moja iliyogoma ilianza hivi: 3 1 2 / 4 5 6 / 8 7 wazi. Kuna na nyingine ya ajabu zaidi: picha imekamilika kabisa machoni, mlango haufunguki.

Taa ya nne ukiigusa, ya tatu nayo inabadilika, ilhali hazipakani.

Sahani zinaburutika vizuri ninapohariri, lakini nikifungua skrini nzima hazisogei hata kidogo.

Na umeme ukikatika, mtoto anarudi chumba cha kwanza. Kompyuta ni za mezani, hazina betri.

KigaeChaTisa

Mwalimu, msimbo wako wa kuteleza uko sawa na watoto hawana kosa. Kosa liko kwenye kuchanganya.

Vigae nane na nafasi moja wazi vinapangika kwa njia 362,880. Nusu yake kamili, yaani 181,440, hazifikiki kwa kuteleza hata ukae hapo mpaka Krismasi. Ukichota namba kwa bahati, basi katika kila watoto wawili, mmoja kwa wastani unampa fumbo lisilo na jibu.

Kuzitambua ni rahisi. Soma vigae safu kwa safu, nafasi wazi iruke. Kwa kila kigae hesabu ni namba ngapi ndogo kuliko yeye zinakuja baada yake, kisha jumlisha. Kwenye ubao wa 3 kwa 3 jumla ikiwa shufwa fumbo linatatulika, ikiwa witiri halitatuliki. Chukua orodha yako: 3 inafuatwa na 1 na 2, hapo ni mbili. 1, 2, 4, 5 na 6 hazina kitu. 8 inafuatwa na 7, hapo ni moja. Jumla 3, witiri, imekufa. Badilisha 7 na 8 tu, jumla inakuwa 2, na fumbo linafunguka.

Kwa nini iko hivyo? Kigae kikiteleza kulia au kushoto, mfuatano haubadiliki, maana kinaingia kwenye nafasi wazi ambayo hatuihesabu. Kikiteleza juu au chini kinavuka vigae viwili, kwa hiyo jumla inapanda kwa 2, inashuka kwa 2, au inabaki palepale. Witiri haiwezi kugeuka shufwa. Tahadhari: ukipanua kuwa 4 kwa 4 kanuni inabadilika. Hapo jumla ile unaiongezea namba ya safu ya nafasi wazi ukihesabu kutoka chini, na jibu lazima liwe witiri.

Lakini ushauri wangu, usipime kitu. Anza na ubao uliokwisha kupangwa, halafu uuvuruge kwa kuteleza kama mtoto atakavyoteleza. Weka orodha 1 hadi 9, ambapo 9 ni nafasi wazi. Rudia: tafuta majirani wa nafasi wazi, mtoe yule uliyetoka kumsogeza (la sivyo kompyuta itakwenda mbele na kurudi nyuma bure), chagua mmoja kwa bahati, badilishana. Kilichovurugwa kwa njia halali kinarudi kwa njia halali.

Idadi ya kurudia ndiyo ugumu wa fumbo. Kwa P3 tumia 10. Kwa P5 weka 40, na usiogope, kwa sababu mpangilio mgumu kuliko yote kwenye 3 kwa 3 unamalizika kwa hatua 31. Usiweke 12. Nafasi wazi ikizunguka kona moja ya vigae vitatu mara tatu, hatua 12 hizo zinarudisha kila kitu mahali pake, na mtoto anakuta mlango uko wazi kabla hajagusa. Hutokea mara chache, lakini hutokea. Namba yoyote utakayoweka, malizia kwa kuuliza: ubao umeshapangika? Kama ndiyo, vuruga tena.

Rangi_za_Jinja

Hiyo ya picha kukamilika na mlango kugoma, bila shaka ni mbingu. Kasri liko katikati na chini, juu kuna buluu tupu, sivyo? Basi vigae viwili vya juu vinafanana kama mapacha. Mtoto anaona picha kamili, lakini orodha yako inasoma 2 1 3 badala ya 1 2 3 na inakataa. Kwa macho ya kompyuta hajamaliza.

Na ukisharekebisha uchanganyaji alivyoeleza KigaeChaTisa, mbingu hiyohiyo itakuletea shida kwa upande wa pili. Mtoto ataweka mapacha hao kinyume bila kujua, kisha vigae viwili vya chini vitagoma kubadilishana. Atahangaika na safu ya chini, kumbe kosa liko juu. Hakuna atakayelibaini, hata wewe.

Dawa iko kwenye mchoro. Kila kigae kiwe na kitu chake: cha kwanza bendera ya mnara, cha pili korongo mwenye taji akiruka, cha tatu wingu lenye umbo. Au andika namba ndogo kwenye kona, ambayo inawasaidia P3 hata hivyo.

Ukiwa unachora upya, fanya picha iwe 300 kwa 300, kila kigae 100. Jukwaa la Scratch ni 480 kwa 360, inabaki nafasi ya ufunguo na kitufe cha kuanza upya. Mahali pa kila kigae usipaandike kwa mkono, pakokotoe kwa nafasi n kwenye orodha: x ni baki la kugawanya (n−1) kwa 3, zidisha 100, toa 100, y ni 100 kutoa sehemu kamili ya (n−1) kugawanya kwa 3, iliyozidishwa 100. Kila vazi la kigae (picha yake kwenye Scratch) liwekwe kitovu chake katikati hasa kwenye kihariri cha picha. Kitovu kikihama pikseli tano, ubao mzima unaonekana una meno.

TaaYaMnara

Taa ya nne na ya tatu: hazipakani kwa macho, lakini kwenye orodha zinafuatana. Umeandika "jirani wa kushoto ni n−1", na 4−1 ni 3, iliyoko mwisho wa safu ya juu. Utaona kosa hilohilo kati ya 6 na 7. Weka sharti: kushoto gusa tu kama baki la (n−1) kugawanya kwa 3 ni kubwa kuliko 0, kulia gusa tu kama baki la n kugawanya kwa 3 ni kubwa kuliko 0. Juu na chini hukuona kasoro kwa sababu Scratch ikiambiwa ibadilishe kitu cha namba −1 au cha 11 kwenye orodha ya vitu tisa, inanyamaza tu. Kunyamaza huko ndiko kunakoficha makosa, kwa hiyo weka masharti pande zote nne.

Kuchanganya: taa tisa zina mipangilio 512 na yote inatatulika, kila mmoja kwa njia moja tu. Unaweza kuchota kwa bahati bila hofu. Ila ukiingiwa na tamaa ya kukuza chumba, kwenye 4 kwa 4 ni mpangilio mmoja tu kati ya 16 unaotatulika, na kwenye 5 kwa 5 mmoja kati ya 4. Hapo rudi kwenye kanuni ya vigae: zima zote, kisha gusa taa kadhaa kwa bahati.

Kwa mwalimu anayesimamia: mpangilio wa kugusa haujalishi, na kugusa taa moja mara mbili ni kama hujagusa. Kwa hiyo hakuna fumbo la taa tisa linalozidi miguso 9. Zikiwaka zote tisa, gusa kona nne na ya katikati, basi.

Sahani: katika skrini nzima Scratch hairuhusu kuburuta mpaka umpe mhusika ruhusa. Kwenye kundi la bloku za hisi kuna bloku ya kuweka hali ya kuburuta. Iweke kwa kila sahani chini ya bloku ya bendera ya kijani, ile inayoanzisha mchezo. Lakini mimi ningeachana na kuburuta kabisa. Kipanya kilichochakaa kinaachia katikati ya safari, sahani inaangukia hewani, na unaanza kuandika msimbo wa kuirudisha. Tumia miguso miwili: mguso wa kwanza kwenye nguzo unainua sahani ya juu, wa pili kwenye nguzo nyingine unaishusha. Weka orodha moja kwa kila nguzo, linganisha sahani uliyoinua na ya mwisho kwenye orodha ya nguzo unakoshusha, na kama iliyo chini ni ndogo, irudishe ilikotoka kwa sauti ya kengele. Orodha ikiwa tupu ruhusu moja kwa moja. Hili husahaulika sana, na matokeo yake nguzo tupu inakataa kila kitu.

Fumbo hili ni la Mfaransa Édouard Lucas, wa mwaka 1883, na hesabu yake inajulikana: sahani 3 ni hatua 7, nne ni 15, tano ni 31. Kwa P3 zisizidi 3. Saba ni hatua 127, huo tena si mchezo, ni adhabu.

BawabuMkali

Ssebo, kwa umeme tumia namba ya siri, wala huhitaji kuhifadhi faili. Chumba cha kwanza kikimalizika kina thamani 1, cha pili 2, cha tatu 4, cha nne 8. Jumlisha vilivyomalizika, zidisha kwa 37, ongeza 11, na uonyeshe namba hiyo kwa maandishi makubwa kila mlango unapofunguka. Mtoto aliyemaliza cha kwanza na cha tatu ana 5. 5 mara 37 ni 185, ukiongeza 11 ni 196. Anaiandika nyuma ya daftari. Akirudi anaiingiza: toa 11, gawanya kwa 37, kama kuna baki ikatae. Wakianza kuazimana namba, badilisha 37 na 11 kila muhula.

Kitendawili nacho kina mtego. "Nyumba yangu haina mlango" jibu ni yai, lakini mtoto wa P3 huenda akaandika "eggi", yaani yai kwa Kiganda, na hajakosea kitu. Weka orodha ya majibu yanayokubalika, si jibu moja. Scratch haijali herufi kubwa na ndogo, ila inajali nafasi tupu mwishoni: "yai" na "yai " kwake ni vitu viwili. Na epuka majibu yenye ng', kama ng'ombe. Alama ile ya juu inayotoka kwenye simu mara nyingi imepinda, ya kibodi imenyooka, na hazilingani.

KigaeChaTisa

Nyongeza kwa Bawabu: 603 nayo itapita. Toa 11 inabaki 592, ambayo ni 37 mara 16, bila baki, na chumba chenye thamani 16 hakipo. Weka sharti la pili kwamba jibu lisizidi 15 wala lisiwe chini ya 0.

FunguoTatu (Mbale)

Nimewaelewa, na mbingu yangu kweli ni buluu tupu. Swali dogo la mwisho: mashine tatu ni za zamani, Scratch ya kusakinisha inakataa kwa kuwa Windows yake iko chini ya 10. Intaneti hakuna.

TaaYaMnara

Peleka faili yako ya sb3 (ile Scratch inayohifadhia mradi) kwenye TurboWarp Packager, zana ya kufungasha michezo ya Scratch, ukiwa mahali penye mtandao. Inakutolea faili moja ya HTML yenye mchezo mzima ndani yake. Iweke kwenye flashi, ifungue kwa kivinjari kipya kiasi kinachokubali kwenye mashine hizo, nao mchezo utacheza bila mtandao. Jaribu mashine moja kwanza, hasa sauti. Msimbo hautahaririwa humo, kwa hiyo sb3 ya asili usiifute.