Naomba ushauri: kusisimua ubongo kwa aliyeumia uti wa mgongo

Ndugu zangu, salaam. Niko Igombe, Mwanza. Mdogo wangu, mvuvi wa dagaa, alianguka kutoka juu ya mwembe miezi kumi iliyopita akaumia uti wa mgongo, ingawa daktari alisema haukukatika wote, kwani bado anahisi akiguswa miguuni na kidole gumba cha mguu wa kushoto hujikunja akijitahidi. Mazoezi ya hospitali yalikwisha, hivyo tumemfungia miti miwili ya mkaratusi uani, naye huishika huku nikimshikilia kiunoni kila jioni; hatua nne humtoa jasho jingi, lakini anazipiga.

Nimesoma kwamba Desemba 2024 watafiti wa Lausanne, Uswisi, wakiongozwa na Grégoire Courtine na daktari wa upasuaji Jocelyne Bloch, walieleza jinsi kusisimua haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo upande wa chini, kwa elektrodi (nyaya nyembamba za umeme) zilizopandikizwa humo kulivyowasaidia watu wawili wenye majeraha ya namna hiyo kutembea vizuri zaidi. Wawili ni wachache mno, najua, ila tangu siku hiyo sina usingizi.

Je, tumwombe daktari vipimo gani ili tujue ni nyuzi kiasi gani za fahamu zimesalia? Na kwa sasa, tuongeze mazoezi yapi ili zisidhoofu?