Mdogo wangu bado yuko karantini, nimlazimishe kutoka au nimwache?

Dada Mkubwa:
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri, na tafadhali matusi yakae pembeni.

Mdogo wangu wa kiume ndio kwanza alikuwa ameanza chuo korona ilipoingia 2020, vyuo vikafungwa. Akasomea chumbani kwa simu, akamaliza hivyohivyo na kufaulu. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) likatangaza kwamba dharura imekwisha, lakini yeye hajatoka chumbani. Mchana amelala, usiku macho kwenye simu. Kazi anazoomba ni zile za kufanyia nyumbani tu. Akialikwa harusi, tumbo linamuuma tangu asubuhi, na mimi naamini linamuuma kweli. Mama anamwita mvivu. Nimechoka kuwa msuluhishi.

Jembe Halimtupi:
Kateni intaneti wiki moja muone kama hatatoka. Wote tulifungiwa, mbona tuko kazini? Mnamdekeza huyo.

Binti Sauda:
@Jembe Halimtupi, wote tulifungiwa lakini si kwa namna moja. Kuna aliyefungiwa na watu anaowapenda, kuna aliyefungiwa na mtu anayempiga, kuna aliyemzika mzazi wake kwa kutazama kwenye simu. WHO walisema mwaka wa kwanza wa janga wasiwasi na sonona viliongezeka kwa asilimia 25 hivi duniani, na walioumia zaidi ni vijana na wanawake. Umri ule ndio mtu anazoea kuishi na watu asiowajua. Yeye hakuupata.

Nipo Kliniki:
Dada, kazi yangu ni ushauri nasaha. Sijamwona mdogo wako kwa hiyo siwezi kusema ana ugonjwa gani, ila mwenendo huo naufahamu. Mwanzoni kukaa ndani kulikuwa amri, tena busara. Sasa kila anapokwepa watu anapata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayomfundisha kukwepa tena kesho. Ndiyo maana kumwacha tu hakusaidii. Kumtupa ghafla katikati ya umati nako kutamthibitishia hofu yake.

Aende kwa ngazi ndogo. Mtoke wawili, mtembee muda ambao watu ni wachache, mrudie hadi aone kawaida. Kisha amtembelee rafiki mmoja, baadaye wawili. Akifika abaki hadi wasiwasi ushuke wenyewe, asikimbie katikati. Ngazi azipange yeye, si wewe wala mama. Kuhusu usingizi, aamke saa ileile kila siku hata kama amelala alfajiri, kisha atoke kwenye mwanga. Saa ya kulala msigombane nayo kwanza.

Kaka Msafiri:
Mwili pia msiusahau. Aliugua korona? Wapo waliobaki na uchovu mkali kwa miezi, wengine miaka, na wakijilazimisha wanazidiwa. Kama ni huyo, ngazi zitamwangusha. Akamwone daktari kwanza.

Jembe Halimtupi:
Haya, ngazi nimezielewa. Mama je, atazielewa?

Dada Mkubwa:
Mama niachieni mimi. @Kaka Msafiri, kama aliugua basi hakuna aliyejua, ila kwa daktari tutakwenda. Jana nilimuuliza anaogopa nini hasa. Akasema ugonjwa wala hauogopi tena, anaogopa kuulizwa "siku hizi unafanya nini?"

Binti Sauda:
Hapo umepata pa kuanzia. Tungeni jibu fupi, "nimemaliza chuo, natafuta kazi," alizoee kwako kabla ya kukutana na watu. Wengi wanaouliza hata jibu hawalisikilizi.

Nipo Kliniki:
Naongeza moja. Muulize waziwazi kama huwa anawaza kujidhuru au kufa. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo, mengine yote yasubiri: asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Dada Mkubwa:
Asanteni sana. Nitamuuliza leo akiamka, yaani saa kumi jioni.