Stanley wa kwenye randa ndo yule yule wa Ujiji?

seremala_mwanga:
Wakuu habari za humu. Mi fundi hapa Kigoma, nina randa ya chuma nimeachiwa na mzee imeandikwa Stanley, sasa kuna dogo kijiweni kashikilia eti kiwanda ni cha yule mzungu aliyemkuta Livingstone hapo Ujiji 1871, kwamba alirudi kwao akafungua kampuni. Kweli au anatupiga fiksi?

kasulu_finest:
Fiksi hiyo mkuu. Kampuni ilianzishwa Marekani na Frederick Stanley, mji wa New Britain kule Connecticut, 1843. Mwaka huo mtu wenu wa Ujiji ana miaka miwili tu yuko kwao Wales. Hata zile chupa za chai za Stanley ni Mmarekani mwingine kabisa, William Stanley.

bint_ujiji:
Wenye jina hasa ni ukoo wa makabaila wa Uingereza, akina Lord Derby, hao ndo wenye zile mbio za farasi za Derby tangu 1780. Mmoja wao kawa Waziri Mkuu mara tatu, na kabla ya hapo 1833 akiwa waziri wa makoloni ndo alipeleka bungeni muswada wa kukomesha utumwa kwenye makoloni yao (ila huku kwetu misafara iliendelea kupita miaka na miaka, hatukuwa koloni lao). Mji wa Stanley kule Falkland umeitwa kwa huyo. Mwanae naye akiwa gavana wa Kanada akatoa lile kombe la hoki ya barafu, Stanley Cup, 1892.

seremala_mwanga:
Duh. Kwa hiyo wa Ujiji ni ndugu yao hao malodi?

mnyamwezi_og:
Ndugu wapi fundi, yule hata Stanley siyo! Kazaliwa John Rowlands, kalelewa kwenye nyumba ya maskini, akapanda meli kama boi mpaka New Orleans na huko ndo akajipa jina, kwa maelezo yake alilitoa kwa mfanyabiashara aliyemfadhili. Na hilo jina la kuokota ndo likabandikwa kila kona, Kisangani ikaitwa Stanleyville mpaka 1966, mlima mrefu kule Rwenzori, mita 5,109, nao Stanley. Sisi Tabora tu ndo tulimnyima, alikaa Kwihara na mwenzie 1872, nyumba ni makumbusho mpaka leo na kila mtu anaiita tembe la Livingstone.